Maswali Yenu: Masanduku ya Muziki Yanayopiga Tenzi

Toleo lililopita tuliweka picha ya sanduku la muziki la Uswisi, lile lenye silinda ya shaba na karatasi ya nyimbo ndani ya kifuniko, tukagusia kwa kifupi tu kwamba nyimbo zote nane zilizomo ni za dini. Basi watu wameandika! Wengine wana masanduku kama hayo majumbani huko Ulaya na Marekani, wengine wameyaona mnadani, mmoja anafundisha kwaya na anataka kujua mbona tenzi anazozijua zinasikika tofauti. Nimechagua barua chache ambazo jibu lake litamfaa na mwingine, nimezifupisha kidogo, maneno mengine nimeyaacha yalivyo.

Shikamoo. Niko Leicester, Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia alifariki, wanae wakanipa sanduku lake la muziki kama ukumbusho. Ni la mbao, ndani kuna kioo, chini ya kioo kuna silinda yenye vimwiba vidogo vidogo na kitu kama kitana cha chuma. Kushoto kuna mkono wa kuvuta. Niliusukuma kidogo nikaogopa nikaacha. Kwenye kifuniko kuna karatasi ina majina ya nyimbo nane za kanisani. Ni la mwaka gani, na je nikilijaza litapiga?

Marahaba dada, na pole kwa kuondokewa na bibi. Umefanya vizuri sana kuogopa, na naomba uendelee kuogopa mpaka umalize kusoma hapa.

Sanduku kama hilo linaendeshwa na springi iliyojikunja ndani ya kikopo cha shaba upande wa kushoto, huo mkono ndo wa kuijaza. Springi inazungusha silinda, na zile pini, ambazo kwenye sanduku la nyimbo nane zinafika maelfu, zinanyanyua ncha za meno ya kitana na kuziachia, jino likiachiwa linatoa sauti yake. Sasa springi ikishajaa ina nguvu ya ajabu, na kitu pekee kinachoizuia isifumuke kwa mkupuo ni kile kifaa kidogo upande wa kulia chenye feni ya mabawa mawili, feni inakamata hewa na kushikilia mwendo. Gia za hapo zikiwa zimelika, au mtu akakifungua kukisafisha wakati springi bado imejaa, silinda inazunguka kwa kasi ya kutisha kwa sekunde chache tu, pini zinalala na meno ya kitana yanakatika kwa mafungu. Masanduku mengi sana yamekufa hivyo, yalikaa vizuri miaka mia moja na zaidi halafu yakaharibiwa mchana mmoja na mtu mwenye nia njema na bisibisi.

Kwa hiyo kabla ya kujaza chochote chukua tochi, fungua kioo, angalia. Pitisha macho kwenye kitana toka mwanzo mpaka mwisho, jino lililokatika utaliona kama pengo, na wakati mwingine jino lipo ila ncha yake ya mbele, ile nyembamba inayoguswa na pini, haipo. Alafu angalia silinda kwa upande, pini zinatakiwa ziwe zimesimama kwa mpangilio mmoja, ukiona eneo zimelala kama nyasi zilizokanyagwa ujue kuna siku silinda ilishakimbia hivyo. Chungulia pia chini ya meno marefu ya besi. Meno hayo yamebebeshwa vipande vya risasi ili sauti iwe nzito, na risasi ikizeeka inatoa unga mweupe na kuvimba mpaka inagusana na jirani yake. Ukiuona huo unga usiukwangue.

Kitu kingine, kama sanduku limegoma kupiga na mkono ukiusukuma unakuwa mgumu palepale, maana yake springi inaweza kuwa imeshajaa na kuna kitu kimekwama njiani. Hapo usiguse feni hata kwa kidole, usigonge, usilegeze skrubu hata moja. Funga kifuniko, tafuta fundi. Hapo Uingereza una bahati, kuna chama cha wapenzi wa masanduku haya tangu 1962 na kupitia chama hicho unaweza kuelekezwa kwa mafundi wanaojua kazi. Fundi wa saa wa kawaida, hata awe hodari vipi, muulize kwanza kama amewahi kushika kitana cha sanduku la muziki.

Na tafadhali, WD-40, yale mafuta ya kupuliza, isikaribie hapo. Najua ndo kitu cha kwanza mtu anachokimbilia, lakini chini ya meno mengi kuna kiwaya chembamba kama unywele kazi yake kulinyamazisha jino kabla pini nyingine haijaligusa, na mafuta yakiingia pale viwaya vinanatana na vumbi. Ukisikia sanduku linapiga huku linatoa mlio wa kukwaruza, kama kucha kwenye sahani, mara nyingi viwaya hivyo vimechoka au vimepinda. Bado linatengenezeka, ila usiendelee kulipiga.

Kama kila kitu kinaonekana sawa, sukuma mkono mara chache tu, usilijaze lote, washa, acha wimbo uishe wenyewe.

Sasa umri. Ule mkono wa kuvuta unasema kitu, maana masanduku ya zamani zaidi yalikuwa yanajazwa kwa ufunguo kama wa saa, mkono ulienea kuanzia miaka ya 1850 na 1860 hivi. Lakini wewe una ushahidi mzuri kuliko huo, hizo tenzi zenyewe. Tenzi zina tarehe! Tuni ya "Kaa nami" ambayo dunia nzima inaiimba, inayoitwa Eventide, aliitunga William Henry Monk mwaka 1861, kwa hiyo kama ipo kwenye silinda yako sanduku haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Wimbo wa askari wa Kristo wanaosonga mbele, kama umeandikwa na sanduku linapiga tuni ya Arthur Sullivan, hiyo ni 1871. Na ukikuta nyimbo za kina Moody na Sankey, wale wahubiri Wamarekani waliozunguka Uingereza 1873 mpaka 1875 na kuacha kila mtu anaimba, basi unasogea mbele zaidi. Chukua ile karatasi, tafuta mwaka wa tuni iliyo changa kuliko zote, sanduku limetengenezwa mwaka huo au baadaye. Nipigie picha ya karatasi dada, tuma, nitafurahi kuisoma na wewe.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Moshi. Nilisikiliza video za masanduku ya muziki mtandaoni, moja imeandikwa ni "Mwamba wenye imara" kwa Kiingereza lakini tuni siyo kabisa. Nyingine ni "Karibu na wewe Mungu wangu", nayo siyo. Je walikosea kuandika? Na kwa nini zimejaa madoido kiasi kile, mpaka wimbo unapotea?

Mwalimu, hawakukosea, na sikio lako liko sahihi. Maneno ya utenzi na tuni yake ni vitu viwili, na Waingereza na Wamarekani mara nyingi walichukua maneno yaleyale wakayavika tuni tofauti. "Mwamba wenye imara" sisi tunaiimba kwa tuni ya Thomas Hastings, Mmarekani, ya mwaka 1830. Uingereza wao walizoea tuni ya Richard Redhead ya 1853. "Karibu na wewe" vilevile, ile ya kwetu ni ya Lowell Mason, Mmarekani, 1856, wakati Mwingereza wa zamani ukimtajia jina hilo anaweza kuanza kuimba tuni ya John Bacchus Dykes ya 1861. Sasa masanduku mengi ya silinda yenye tenzi yalitengenezwa Uswisi kwa ajili ya soko la Uingereza, kwa hiyo pini zilifuata masikio ya mnunuzi. Hilo linasaidia hata kujua sanduku lilikusudiwa nchi gani. Ukisikia tuni ya Mason fikiria Marekani, ukisikia ya Dykes fikiria Uingereza, hata kama karatasi haipo.

Kuhusu madoido, hapa nitamtetea kidogo yule mpangaji wa muziki wa Sainte-Croix au Geneva, huko Uswisi. Utenzi unaenda polepole na noti zake ni ndefu, kwaya inaivuta noti kwa pumzi na ogani inaishikilia kwa upepo. Jino la chuma haliwezi. Likishaachiwa sauti inaanza kufa hapohapo. Kwa hiyo ukipanga "Kaa nami" kama ilivyo kitabuni, sauti nne basi, unapata noti, kimya, noti, kimya, inaboa. Mpangaji alikuwa anajaza hizo nafasi, anapandisha na kushusha ngazi ya sauti, anarudiarudia noti moja kwa haraka kwa kutumia meno kadhaa yaliyotuniwa sauti ileile, anaweka mwangwi wa juu wakati besi inatembea chini. Kwa jino moja haiwezekani kurudia haraka hivyo ndo maana kwenye kitana kuna meno mengi ya noti moja. Halafu muda wake ni mdogo mno, kwa kawaida wimbo mmoja ni mzunguko mmoja wa silinda, dakika moja hivi au pungufu, kwa hiyo unapata ubeti mmoja, na huo ubeti mmoja lazima utoshe.

Kuna waliojaribu kuikaribia ogani. Mwaka 1874 Charles Paillard wa Sainte-Croix alipata hataza ya kuweka vitana viwili au zaidi vilivyotuniwa kwa kutofautiana kidogo sana, vikipiga pamoja sauti inatikisika kama inapumua, na kwa tenzi mpangilio ule unafaa kuliko yote kwa maoni yangu. Wengine waliweka kabisa mwanzi wa harmoniamu na mivukuto ndani ya sanduku, kitana kinadonoa na mwanzi unashikilia noti. Hayo ni makubwa, na mivukuto ikitoboka ni kazi nyingine, lakini kama unataka kuwaonyesha wanakwaya wako kitu tafuta video ya aina hiyo. Waambie wasikilize besi, siyo madoido ya juu. Ukiifuata besi utenzi hauupotezi hata dakika moja.

Niko Nakuru. Hii mambo ya masanduku imenishangaza. Kwani watu hawangeimba wenyewe? Mbona mtu anunue mashine ya kuimba tenzi na kanisa iko hapo karibu?

Swali zuri sana ndugu yangu. Jibu fupi ni Jumapili. Uingereza na hasa Uskochi ya karne ya 19 Jumapili ilikuwa siku nzito, familia nyingi hazikuruhusu muziki wa dansi wala vipande vya opera siku hiyo, na masanduku mengi ya wakati ule yalikuwa yamejaa hivyohivyo, waltz na opera. Sasa umerudi kanisani, mchana mrefu, baridi nje, watoto wako ndani, na hicho chombo cha thamani kipo sebuleni hakiruhusiwi kuguswa. Mwenye sanduku la tenzi alilifungua bila wasiwasi. Watengenezaji wa Uswisi waliliona soko hilo wakalihudumia vizuri.

Na mashine kupiga tenzi haikuanzia sebuleni. Makanisa mengi ya vijijini Uingereza hayakuwa na mtu wa kupiga ogani, yakanunua ogani ya pipa, yaani kuna pipa la mbao limepigwa pini, mtu yeyote anazungusha mkono, upepo unaingia na tuni inatoka sawasawa kila mara. Moja bado ipo na bado inapiga kwenye kanisa dogo la Shelland, Suffolk, ni ya mwanzoni mwa karne ya 19, ina mapipa matatu na kila pipa tuni 12, kwa hiyo mchungaji ana tuni 36 za kuchagua, zaidi ya hapo hakuna. Kanisa ambalo leo lina kinanda cha umeme chenye midundo iliyorekodiwa tayari lisijione la kwanza kupata msaada huo.

Marekani nako, kwenye nyumba za wakulima walio mbali na mji, palikuwa na kiogani kidogo cha mkono kilichotengenezwa Ithaca, New York na kampuni ya Autophone, kinaitwa Gem. Kinatumia kigogo cha mbao chenye pini, kama gunzi la mahindi, ukizungusha kinajisogeza taratibu pembeni na utenzi mmoja unakamilika kwa mizunguko mitatu. Kampuni ya Sears walikuwa wanakiuza kwa katalogi, ukiagiza unaletewa. Noti zake ni 20 tu. Lakini 20 zinatosha kabisa kwa "Yesu kwetu ni rafiki", na watu waliimba juu yake, hicho ndo ningependa ukichukue, havikuwa vya kunyamazisha watu, vilikuwa vya kuwashikia tuni waimbe.

Mambo vipi. Niko Minneapolis, nimenunua sanduku la muziki kwenye uuzaji wa vitu vya nyumba ya marehemu, limeandikwa Regina. Halina silinda, linatumia sahani za chuma zenye matundu. Nimepewa sahani 11, nyingi tenzi. Mbili zimepinda na moja ina kutu. Naweza kupata nyingine?

Poa kabisa, na hongera! Regina ni chombo kizuri, na tatizo la sahani ndo rahisi kuliko yote.

Aina hii ilianzia Leipzig, Ujerumani, miaka ya 1880, kampuni ya Symphonion kwanza kisha ya Polyphon. Gustave Brachhausen aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Polyphon alivuka bahari akaanzisha Regina huko New Jersey mwaka 1892, na mpaka wanaacha waliuza kama masanduku 100,000. Uzuri wa sahani ni kwamba nyimbo haziishi. Mwenye silinda ya nyimbo nane ana nane mpaka anakufa, wewe ukichoka na tenzi unaweka nyingine. Hayo unayoyaita matundu, geuza sahani uone chini yake, kila tundu limeacha kijiti kilichokunjwa kwenda chini, hicho kijiti hakigusi kitana moja kwa moja, kinasukuma kigurudumu chenye ncha kama nyota na nyota ndo inadonoa jino. Kwa hiyo vijiti vikikatika au kulala noti inaruka, na sahani iliyopinda inaweza kukwamisha nyota, usiilazimishe kupiga.

Pima kipenyo. Kama ni inchi 15 na nusu, ambayo ndo saizi maarufu ya Regina, una bahati mara mbili maana sahani za Polyphon za saizi hiyo zinaingia pia, kwa hiyo utafute masoko yote mawili, la Marekani na la Ujerumani. Za Symphonion achana nazo. Sahani mpya pia zinatengenezwa, wapo mafundi wachache wanaozipiga upya kwa kunakili za zamani. Yenye kutu, kama kutu ni ya juu juu na vijiti vimesimama, ifute kwa kitambaa kikavu na uiache. Zilizopinda zitunze, usizitupe, hasa kama ni tenzi ambayo huioni kwenye orodha za wauzaji, mtu anaweza kuinakili hata kama haipigi.

Zihifadhi zikiwa zimesimama au zimelala tambarare na karatasi katikati. Zisisuguane.

Mimi mtu wa Bukavu, naishi Lausanne. Wanasema hivi vitu vilianzia huku Uswisi. Ni wapi naweza kwenda kuviona na watoto?

Uko karibu kuliko wote walioandika! Panda treni mpaka Yverdon-les-Bains, hapo unabadilisha unachukua kitreni cha mlimani kinachopanda mpaka Sainte-Croix, zaidi ya mita 1,000 juu. Kuna makumbusho ya mashine hizi yaliyokuwa yanaitwa CIMA, yako mjini palepale, na kijiji cha jirani cha L'Auberson kuna makumbusho ya familia ya Baud. Nenda yote mawili. Piga simu kwanza kuuliza kama yako wazi na saa za ziara, maana raha yake ni kuviona vikipigwa, siyo kuvikodolea macho kwenye kabati.

Ukifika waeleze watoto hivi. Mwaka 1796 fundi saa wa Geneva, Antoine Favre, alikionyesha chama cha sanaa cha mji ule namna ya kupata muziki bila kengele na bila nyundo, kwa vipande vya chuma vinavyodonolewa. Kabla ya hapo saa ya muziki ilihitaji kengele, ni kubwa, ni nzito. Wazo lake likapanda mlimani, na huko Sainte-Croix majira ya baridi theluji inafunga kila kitu, mkulima hana la kufanya shambani, kwa hiyo familia zilikuwa zinafanya kazi hii majumbani dirishani penye mwanga. Wanawake ndo walikuwa wanatoboa silinda na kupachika pini, tundu moja moja, maelfu. Ndani ya silinda wakishamaliza wanamimina ulimbo wa moto na kuizungusha ili ukiganda ushikilie pini zote kwa ndani. Kila utenzi unaousikia kwenye sanduku la zamani kuna mwanamke wa mlima ule aliyeupachika kwa mkono, na majina yao hayajaandikwa kwenye karatasi ya kifuniko, lililopo ni jina la kampuni. Mwaka 2020 UNESCO iliuweka ufundi wa saa na wa mashine za sanaa wa Uswisi na Ufaransa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na nafurahi kwamba masanduku haya yamo humo.

Salaam. Hapa Stuttgart mwenye nyumba wangu ana stendi ya mti wa Krismasi inayozunguka na kupiga "Usiku mtakatifu". Anasema ni ya babu yake. Kweli zilikuwepo zamani hivyo?

Zilikuwepo, na zimetengenezwa hapohapo mjini kwako. Kampuni ya J. C. Eckardt ya Stuttgart ndo ilikuwa na jina kwa stendi hizo. Springi ileile inazungusha mti na silinda. Mwambie mwenye nyumba kitu kimoja tu, springi ile imepangiwa uzito fulani, asiweke mti mkubwa wenye mapambo ya vioo tele, na mti ukae wima kabisa katikati, ukiegemea upande gia zinalika upande huo.

Nina kisanduku kidogo chenye umbo la kanisa, kinapiga utenzi, nilinunua Mombasa dukani kwa vitu vya zamani, muuzaji alisema ni cha miaka 150. Ni kweli?

Kigeuze chini. Kama mashine yake inaenea kwenye kiganja, kitana kina meno 18, wimbo ni mmoja na unajirudia baada ya sekunde kumi na kitu au ishirini, hiyo ni mashine ya zawadi, zilitengenezwa kwa mamilioni karne iliyopita, nyingi zinatoka Japani. Siyo ya miaka 150. Kama umeilipia bei ya kale ongea na muuzaji kwa adabu, mwonyeshe hayo meno. Na kama unaupenda wimbo wake, basi kiendelee kupiga, zile mashine ni imara na hazina haja ya hofu niliyompa dada wa Leicester.

Ndugu yangu anarudi Tanga toka Uingereza, analeta sanduku la silinda lenye tenzi 10. Wengine wanatuambia tuliuze hukohuko kabla halijafika, ni pesa nyingi. Mnashaurije? Na likifika tulitunzeje?

Nianze na pesa nisiwachoshe. Kwa wakusanyaji wa Ulaya sanduku la tenzi kwa kawaida linauzwa chini kuliko lenye opera, wanaotafuta sana ni yale makubwa yenye utangulizi wa opera, tenzi wanaziona za polepole na hazionyeshi ufundi. Mimi sikubaliani nao, mpangaji aliyeweza kufanya "Kaa nami" isiboe kwenye chuma kinachokufa sauti haraka amefanya kazi ngumu kuliko aliyepanga polka, lakini soko ndo hilo, kwa hiyo wanaowaambia kuhusu utajiri wanawadanganya. Kama nyumbani kwenu kuna watu wanaozijua hizo tenzi kwa moyo, lileteni. Huko mnadani litaingia kwenye fungu na vikombe.

Kusafirisha ndo penye hatari. Ndugu yako aache springi iishe yote, kabisa, mpaka sanduku linyamaze lenyewe, kisha ahakikishe limesimama mwisho wa wimbo. Mwisho wa wimbo kuna sehemu ya silinda haina pini, ncha za kitana zinakaa juu ya hapo bila kuguswa na kitu. Likisimama katikati pini zinakuwa zimeshika meno, na mtikisiko mmoja uwanjani unatosha kuharibu. Kama springi imeisha katikati ya wimbo, alijaze kidogo tu limalizie. Mkono wa kubadilisha nyimbo ufungwe na uzi laini usijisogeze, maana silinda inahamia pembeni chini ya milimita moja kwa kila wimbo, ikihama wakati pini zimeshika meno ni hasara tupu. Libebwe limelala lilivyo, siyo kusimamishwa kama sutikesi. Na aangalie mapambo ya mbao, ya shaba au lulu ya chaza hayana shida sana, ila ikiwa kuna pembe ya ndovu au gamba la kasa hiyo inataka vibali, aulizie mapema kabla ya tiketi.

Likifika Tanga adui ni hewa ya bahari. Kitana ni chuma kitupu, hakina rangi, na kutu ikikaa kwenye ncha inabadilisha sauti na baadaye inaila. Lisikae sebule inayotazama pwani na madirisha wazi, likae chumba cha ndani, kwenye kabati, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, weka kadhaa ndani, ubadilishe vikishachoka. Lisikae juani, vanishi ya zamani inalainika na kunata. Dumuzi wa mbao angalieni kila mara, unga mpya chini ya sanduku ndo dalili. Lipigeni mara kwa mara, wimbo mmoja mmoja, springi isijazwe mpaka mwisho, na anayelijaza awe mtu mzima mmoja anayejulikana, siyo kila mgeni. Karatasi ya nyimbo iacheni palepale ilipobandikwa, msiitoe kwenda kuiwekea fremu, ipigieni picha nzuri mkiwa bado Uingereza kabla ya safari, na picha hiyo ihifadhiwe na zaidi ya mtu mmoja.